Asali ya Bi Zuwena

Bibi Mahfudha, niliyekuwa namfanyia kazi, alinificha ugonjwa wangu mwenyewe. Daktari alimwambia, mimi nikiwa nimeketi papo hapo, kwamba titi langu la kushoto lina saratani na kwamba inafaa nikatwe upesi. Alimwambia kwa Kiarabu. Yeye akanigeukia akaniambia kwa Kiswahili kwamba ni mafuta yamejikusanya, yatayeyuka. Kisha akamrudia daktari akamwambia kwamba sitaki kukatwa huku, nitakwenda kutibiwa kwetu Kenya. Sikusema hivyo. Sikuulizwa.

Nimeanza na hilo kwa sababu watu wakinisikiliza hutaka kwanza nimsifu: kwamba alikuwa mwema, alinilisha vizuri, hakuninyanyulia mkono. Yote hayo ni kweli, na titi langu limeoza.

Jina langu ni Jerusha. Nilizaliwa Mutomo, huko Kitui. Shule sikuingia. Baba alikuwa na mbuzi wengi kuliko watoto, ikabidi mmoja wetu awafuate mbuzi, na nikawa mimi. Kiswahili nilikipata Mombasa, nilikokwenda kufua nguo za watu baada ya mume wangu kufa. Kiingereza sina. Nikaja Maskati kufanya kazi za ndani kwa ajili ya binti yangu Mwende, apate kusoma ushonaji, naye akasoma.

Tulipofika uwanja wa ndege wa hapa tulikuwa wanawake wengi, tukagawanywa kama mizigo. Wenzangu walichukuliwa na watu wasioelewa hata neno moja la kwetu. Mimi nikapelekwa Azaiba, kwenye nyumba ya Waomani ambao wazee wao waliishi Unguja. Mlangoni nikapokewa na mama mnene, ndiye Bibi Mahfudha, kanga begani, akaniambia, "Karibu mwanangu, pita ndani, usisimame na jua." Nililia pale pale kizingitini. Alidhani nina njaa.

Dorothy, tuliyesafiri naye ndege moja, alipopata simu na kuambiwa, alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe umeokota dodo chini ya mwarobaini," aliniambia. "Mimi huku nikitaka kusema naumwa ni lazima nicheze ngoma. Juzi nimeshika tumbo nikajikunja hivi, nikalia, bibi wa nyumba akaniletea ndizi."

"Ukala?"

"Ningefanyaje? Nikala. Sasa kila nikipita ananipa ndizi."

Hivyo ndivyo nilivyoonwa: mwenye bahati. Na mimi nilijiona hivyo. Miaka yote niliyokaa kwa Bibi Mahfudha sikujifunza Kiarabu zaidi ya kile cha jikoni. Lete, ondoa, safisha, haraka, basi. Kilikuwa Kiarabu cha kuambiwa. Cha kuuliza sikuwa nacho, na hakuna aliyeona kwamba ninakihitaji, kwa kuwa Bibi alikuwepo. Jambo moja tu alinifundisha kwa makusudi, kwa ajili ya wageni.

"Mtu mzima akikusemesha na hufahamu, usisimame umeduwaa kama mlingoti," aliniambia. "We sema *tamam, alhamdulillah*, yaani sawa, namshukuru Mungu. Yatosha. Ndo adabu yenyewe."

Nikawa nasema. Shangazi zake wakija kunywa kahawa, wakiniuliza jambo, nawajibu tamam, alhamdulillah, nao wanafurahi, wanasema huyu kalelewa.

Sasa inabidi nimtaje Bi Zuwena, kwa sababu bila yeye hakuna atakayeelewa nilivyokuja kujua.

Bi Zuwena alikuwa mama yake Bibi Mahfudha. Alikaa chumba cha chini, karibu na jikoni, na mimi ndiye niliyemwogesha. Akaanza kukonda. Watoto wake wakampeleka hospitali, wakarudi macho mekundu, wakafunga mlango wa majlisi ya wageni wakashauriana. Halafu Bibi Mahfudha akanifuata jikoni.

"Jerusha, mama ana maradhi mabaya. Madaktari washasema hayana dawa. Yeye hajui, na hatojua. Kwetu mgonjwa hakatwi tamaa. Akikuuliza, ni baridi ya tumbo tu. Umefahamu?"

"Nimeelewa, mama."

Bwana Marhoon, mume wa Bibi, akaleta asali ya mkunazi kutoka milimani, ile ya thamani, katika chupa yenye kifuniko cha kijani. Ilifungiwa kabatini, ufunguo ukakaa kwa Bibi. Kila asubuhi Bibi alichanganya kijiko kimoja na habasoda, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake, akauelekeza uso dirishani kidogo ili asitazamane naye, akasema, "Kunywa mama, itashusha." Mimi nilisimama mlangoni na kikombe cha maji. Bi Zuwena alikunywa na kushukuru. Alikufa akiamini ni baridi ya tumbo. Wanawake waliokuja kwenye hitima walisema, "Kafa hana khofu." Na mimi nikaona ni upendo, tena upendo mkubwa. Sijui kwenu, lakini kwetu Mutomo mgonjwa huambiwa, akapata nafasi ya kugawa mbuzi wake.

Baada ya muda nikakuta kitu kigumu ndani ya titi nikioga. Kilikuwa kama kokwa la zambarau, hakiumi. Nikamwambia Bibi. Alinipeleka chumbani kwake, akapapasa kwa mkono wake mwenyewe, na kesho yake tukawa hospitali. Hapo sina lawama naye. Walinipaka kitu baridi, wakapitisha kidude, wakachoma sindano nene wakachukua kinyama. Bibi alinishika mkono nikichomwa. Tukaambiwa turudi kwa majibu.

Siku ya majibu tuliingia kwa Daktari Hatem. Ni mtu wa miwani, si Mwomani, Kiarabu chake ni cha mbio. Palikuwa na viti viwili mbele ya meza yake. Bibi alikaa kimoja, mimi kingine, na daktari akageuza kiti chake kizima kumwelekea Bibi. Akasema kwa muda mrefu. Sikuelewa neno, lakini niliuona mkono wake. Alichukua kidole akajichora kifuani, kuanzia kwapani mpaka katikati, kama mtu anayepasua samaki. Bibi akaweka mkono mdomoni, akasema *la hawla*.

"Anasemaje, mama?" nikauliza.

"Ngoja kwanza."

Wakasemezana tena. Bibi alitazama saa yake, akatazama simu yake, akamwambia daktari maneno marefu, na daktari akawa anatikisa kichwa kama mtu asiyeridhika. Ndipo Bibi akanigeukia.

"Kheri, Jerusha. Anasema mafuta yamejikusanya. Utapewa vidonge, yatayeyuka."

"Na pale alipojichora kifuani?"

"Alikuwa ananionyesha yanavopita."

Nikaamini. Tulipokuwa tunainuka, daktari akanitazama mimi kwa mara ya kwanza, akaniuliza kitu kwa Kiarabu, taratibu, nyusi juu. Alisubiri jibu. Bibi alikuwa anatafuta funguo za gari mkobani. Nami nikafanya nilivyofundishwa.

"Tamam," nikasema. "Alhamdulillah."

Daktari akaitika kwa kichwa, akaandika, tukatoka. Tulipofika barabara kuu ya Azaiba akasimamisha gari dukani, akashuka mwenyewe kwenye joto lile, akarudi na juisi ya embe akanipa. Hakuwa amewahi kushuka garini kwa ajili yangu. Nikainywa yote nikasema asante mama, Mungu akubariki.

Wakati ule Shatha, binti wa Bibi, alikuwa na mimba kubwa. Kwao mwanamke akijifungua hurudi kwa mama yake, akakaa arubaini akilishwa na kutunzwa, na nyumba hujaa watu. Shatha akaja, akajifungua mtoto wa kiume, na mimi nikawa sina mgongo. Asubuhi uji wa hulba, mchana supu ya kuku yenye pilipili manga, jioni bokoboko. Bokoboko halipikwi na mtu mvivu. Ngano na nyama ni lazima uvipige na mwiko mpaka viwe kitu kimoja, na nilikuwa napiga kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiusaidia. Chetezo cha udi hakikuzimika. Wageni wakiingia, kahawa. Wakitoka, vyombo.

Shatha ni msichana mcheshi. Alikuwa akiniita kitandani kwake. "Da Jerusha, bokoboko lako lawashinda shangazi zangu wote. Lakini usiwambie, watamroga mwanangu."

"Mimi siwaambii, lakini wewe sahani umelamba."

"Nimelamba kwa niaba ya mtoto!"

Mwende naye alijifungua mwezi ule ule, kule Mutomo, akizalishwa na jirani tu. Nilimwona mjukuu wangu kwenye simu, nimesimama jikoni, mwiko mkononi. Nikamwambia Mwende ale nini. Akaniambia, "Mama, hivyo vitu vyote nitavitoa wapi?"

Vidonge vilikwisha, Bibi akanunua vingine. Lile kokwa likawa yai. Ngozi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu ikaingia ndani. Mkono ukaanza kuvimba, nikawa siwezi kuinua sufuria.

"Mama, haliyeyuki hili," nilimwambia.

"Subira, Jerusha. Maradhi huingia mara moja, kutoka ndo hutoka kidogo kidogo."

"Turudi kwa daktari basi."

"Tutarudi inshallah. Wageni wapungue."

Wageni wakapungua. Arubaini ikaisha, Shatha akapelekwa kwake Seeb kwa vigelegele na masinia ya halwa. Nyumba ikatulia. Titi likaanza kutoa maji, nikawa nalifunga kitambaa na kulala upande mmoja. Harufu niliisikia mimi kwanza. Halafu nikaona Bibi anafungua dirisha la jikoni kila akiingia.

Asubuhi moja nilikuwa nasafisha mchele. Bibi akaingia, ameshika chupa yenye kifuniko cha kijani. Akachota kijiko, akanyunyiza habasoda juu. Akakaa kando yangu, uso wake akauelekeza dirishani kidogo.

"Kunywa mwanangu," akasema. "Itashusha."

Nikafungua mdomo nikanywa. Asali ilikuwa kooni ndipo nilipoitambua sauti ile. Kijiko kilikuwa kile kile, na maneno yale yale. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni asubuhi ngapi, nikishika kikombe cha maji, nikiutazama uso huo huo umegeuzwa dirishani! Katika nyumba ile asali hiyo hapewi mtu mwenye mafua. Bwana Marhoon alikohoa msimu mzima wa baridi, hakuionja. Nilimtazama Bibi, naye hakunitazama.

Hivyo ndivyo nilivyopewa majibu yangu ya hospitali. Nilipewa kwa kijiko.

Sikumwuliza. Ningemwuliza, angeniambia mafuta. Nikaomba ruhusa nikamwone Dorothy, ambaye siku hizo alikuwa amehama kwa yule bibi wa ndizi, anafagia ofisi, na amepanga chumba Darsait juu ya karakana ya kushona viti vya magari. Bibi akaniruhusu haraka sana. Nikamfuata Rufus, kijana wa Nakuru anayeendesha gari nyumba ya jirani, nikamwomba anipitishe hospitali.

"Hospitali bila bosi, anti? Leo umekuwa balozi?"

"Endesha, Rufus."

"Naendesha. Lakini ukiulizwa, mimi nilikuwa napeleka mazulia kwa dobi." Halafu upepo wa gari ukamletea harufu yangu. Akazima redio. Hakutania tena mpaka tulipofika, akaniambia tu, "Anti, nakungoja hapa. Mazulia yatangoja."

Mapokezi walinisemesha Kiarabu, wakanisemesha Kiingereza. Mimi nikawa nasema, "Daktari Hatem. Daktari Hatem." Wakanyoosha mikono kuonyesha hapana. Nikaona kama sitasema kwa mdomo, nitasema kwa titi. Nikafungua mtandio, wakaona blauzi ilivyolowa. Msichana mmoja akainuka mbio, akapiga simu, na baada ya muda akashuka muuguzi mweusi, mwembamba, kitambulisho shingoni.

"Mama, wewe ni wa kwetu?" akaniuliza.

Nikamshika mkono, sikumwachia. Huyu ni Abigail, mtu wa Kakamega. Nilipomuuliza amefanya kazi hapo tangu lini, akaniambia ni mwaka wa nne, wodi ya ghorofa ya juu. Kwa hiyo siku ile ya majibu alikuwa juu ya kichwa changu. Ngazi tu zilitutenga.

"Kwa nini hawakukuita?"

"Hawaiti, mama. Mgonjwa akija na mtu wake anayejua Kiarabu, wanasema basi, ana mtu wake."

Nilikuwa na mtu wangu.

Daktari Hatem alinikumbuka. Aliponiona uso wake ukakunjamana kwa hasira, wallahi ilikuwa hasira, akamwambia Abigail maneno.

"Mama, anauliza kwa nini ulikataa."

"Nilikataa nini?"

"Kukatwa. Anasema alikuambia ni saratani, akataka akupangie siku wiki ile ile, wewe ukasema unakwenda kutibiwa Kenya. Anauliza kama ulikwenda."

Nikasema sijakwenda popote. Nikasema niliambiwa ni mafuta. Abigail akaigeuza kwa Kiingereza, daktari akasikiliza, akavua miwani. Kisha akasema jambo fupi, na Abigail akasita.

"Sema," nikamwambia.

"Anasema, alikuuliza mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla hujatoka. Alikuuliza kama umekubali kwenda kutibiwa kwenu. Anasema ulimjibu tamam."

"Mwambie tamam ndilo neno nililopewa. Angeniuliza kama jua limeanguka ningemwambia tamam."

Abigail akamwambia. Daktari akawa anamtazama Abigail, anamjibu Abigail, kiti kimegeukia kwa Abigail. Ndipo moyo wangu ulipopasuka.

"Mwambie anitazame mimi," nikasema kwa nguvu, mpaka mtu akafungua mlango kuchungulia. "Titi ni langu. Anitazame mimi!"

Akanitazama. Sikumbuki alisema nini, labda pole. Macho yake yalikuwa na maji, lakini macho yangu yalikuwa makavu.

Wakanifanyia vipimo vingine, nikarudi na Abigail kusikia majibu. Ugonjwa umeingia mifupa ya mgongo na ini. Kukata hakutasaidia tena. Kuna kemo, dawa ya kuupunguza mwendo tu.

"Na siku ile?" nikauliza. "Siku ile aliyojichora kifuani?"

"Mama, tuache hilo."

"Uliza, Abigail."

Akauliza. Daktari alijibu akiwa ameinamisha kichwa.

"Anasema siku ile ulikuwa ndani ya titi tu. Anasema wanawake wengi wa namna ile hupona."

Nilirudi Azaiba. Bibi Mahfudha alikuwa jikoni anakaanga maandazi, kwa kuwa Shatha amekuja kutembea na mtoto. Nikasimama mlangoni, bado nina mtandio wa njiani.

"Mama, niambie alichosema daktari siku ile."

Akazima moto. Maandazi yakawa yanalia kwenye mafuta mpaka yakaacha.

"Nani kakwambia?"

"Asali."

Akatafuta kiti akakaa. Unga ulikuwa mikononi, akajifuta kwenye kanga. "Nilikusitiri, Jerusha. Wallahi nilikusitiri. Mama yangu mzazi nilimfanyia hivo hivo, we mwenyewe ulikuwepo. Unadhani mama yangu sikumpenda?"

"Mama yako alikuwa mzee wa miaka themanini, na daktari alikuwa ameshasema hakuna dawa. Mimi dawa ilikuwepo."

Akaendelea kujifuta unga.

"Na kwa nini ukamwambia nimekataa?"

"Sikusema umekataa. Nilisema utakwenda kwenu. Nami nilikuwa ntakupeleka, haki ya Mungu, nikishamaliza arubaini ya Shatha. Nilisema miezi miwili haina kitu. Nyumba nzima ningeiacha na nani? Halafu nikakuona unacheka, unatania, nikaogopa kukwambia. Na kila siku ilivopita, ikawa nzito zaidi kuisema."

Nyuma yangu Shatha alikuwa amesimama na mtoto begani. Hatukumsikia alipokuja.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kitoto, "kwani mie ningekufa bila bokoboko?"

Bibi akafunika uso kwa kanga, akalia. Shatha akalia. Mtoto naye akaanza. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama, nikaona hata kilio changu wamekichukua. Nikasubiri wanyamaze.

"Sitaki ulie," nikamwambia Bibi. "Nataka jambo moja. Twende kwa daktari, wewe na mimi. Ukamwambie kwa Kiarabu, kwa mdomo ule ule, kwamba mimi sikukataa."

"Nisamehe, Jerusha. Yashapita hayo."

"Twende."

"Hospitali ile Marhoon anajulikana. Watu watasema nini? Ntakupa kila kitu. Ntakukatia tiketi, ntakutafutia daktari Mombasa, ntakuuguza kwa mkono wangu kama nilivomuuguza mama. Lakini hilo usinitake."

Nilikusanya vitu vyangu vikaingia mfuko mmoja. Rufus akanileta Darsait kwa Dorothy, na hapo ndipo nilipo. Chini wanagonga misumari na kushona ngozi tangu asubuhi, gundi inanuka, na Dorothy anasema afadhali, inaficha harufu yangu. Ni mtu wa utani, sikasiriki. Usiku ananigeuza. Abigail akitoka zamu huja kunisindikiza kemo, na akiwa hayupo wenzake hunisemesha kwa mikono. Nywele zimeisha. Mgongo unauma kama umetiwa kaa. Madaktari wanasema nikipata nguvu kidogo nitaweza kupanda ndege, na ninazitafuta hizo nguvu kila siku kwenye uji, sizioni.

Lakini kilichonivunja si mgongo. Wiki chache baada ya kuhama nilimpigia Mwende, akapokea kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake.

"Mama, kwa nini ulikataa kutibiwa?"

"Nani amekuambia nimekataa?"

"Bibi yako alinipigia. Alikuwa analia, mama. Anasema alikubembeleza sana, ukasema unataka kuja kwetu, kisha ukawa huji. Mjukuu wako hujamshika hata siku moja, na unakataa dawa? Ulitaka kuniachia nani?"

Nikamweleza. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, mpaka simu ikaisha moto. Akasema, "Sawa, mama." Najua sawa ya mwanangu inavyokuwa akiamini, na ile haikuwa yenyewe. Yule bibi ana Kiswahili kitamu, na analia vizuri. Mimi ni mgonjwa, na mgonjwa husemwa kwamba dawa zimemchanganya.

Asali bado anatuma. Rufus huileta, chupa ile ile ya kifuniko cha kijani, akaiweka dirishani bila kunitazama. Sijaifungua. Sisimizi wameizunguka na hawajapata njia.

Daktari Hatem amesema pole, nimeisikia. Yeye na hospitali yake ninawadai ngazi zile walizoshindwa kupanda kumwita mtu wa lugha yangu, na hilo wanaweza kumlipa mwanamke mwingine atakayeketi kwenye kiti kile, kwangu limepita. La Bibi Mahfudha halijapita. Analo deni la maneno mawili, na mdomo anao. Kwa daktari, kwa Kiarabu: Jerusha hakukataa. Kwa Mwende, kwa Kiswahili: mama yako hakukataa, mimi ndiye niliyemficha.

Ninamngoja. Azaiba na Darsait si mbali, na gari analo.